Picha za Bibi Sanduku Zatafuta Makao

Kama nyumbani kwako kuna mama mkwe mwenye sanduku la picha, na papo hapo kuna shemeji aliyesomea kompyuta, vuta kiti ukae, maana wewe ni mwenzangu. Yaliyotufika sisi Magomeni yako njiani kuja kwako, na yakifika, mkeo atakuwa upande wao.

Mama mkwe wangu alivuka bahari kutoka Unguja kuja kutolewa mtoto wa jicho. Alishuka boti na begi la nguo, mkate wa kumimina uliofungwa kwenye kitambaa, na sanduku la bati ambalo hakukubali mchukuzi yeyote alitie mkono. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga. Lilipofunguliwa sebuleni tukaona limejaa picha mpaka juu: harusi, maulidi, watoto waliovalishwa kanzu wakasimamishwa mbele ya pazia lililochorwa nguzo na bustani. Nyingi ni nyeusi na nyeupe, kingo zake za menomeno. Nyuma ya baadhi yake kuna muhuri wa Capital Art Studio, ile studio ya Mji Mkongwe aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, na baadaye mwanawe Rohit akaiendeleza. Mtu aliyeingia pale kupigwa picha alivaa nguo bora aliyokuwa nayo, na inaonekana. Watoto wangu wakambatiza Bibi Sanduku jioni ileile, na jina limemkaa.

Daktari alisema litaanza jicho moja, la pili lisubiri. Kwa hiyo mgeni wetu akawa mwenyeji. Mchana, jicho likiwa limefungwa, alikuwa akimwita binti yangu Nasra, aliye kidato cha tatu, amsomee picha: "Niambie unaona nini, mjukuu wangu." Nasra anaeleza, na Bibi anamtaja aliyekaa, aliyesimama, aliyefiwa, aliyeolewa na nani na mahari ilikuwa nini. Nasra ndiye aliyekuja kuniambia jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba majina yote yale yapo kichwani mwa mtu mmoja tu.

Hapo ndipo ilipoamuliwa kwamba tufungue blogu ya picha za ukoo. Nasema ilipoamuliwa kwa sababu kwetu mambo huamuliwa hivyo; mimi huyakuta yameshaiva. Sababu ilikuwa njema na naiamini mpaka leo. Ukoo wa Bibi umetapakaa. Shangazi Maskati, ambaye ni wifi yake, alihamia Oman zamani na ana picha zake mwenyewe. Mjomba Toronto ana kumbukumbu, hana picha. Kikundi cha WhatsApp tunacho, lakini picha ikipita humo inabanwa, inapoteza sura, halafu inazikwa chini ya salamu za Ijumaa na matangazo ya misiba. Baada ya mwezi hakuna anayeipata. Tulitaka mahali ambapo picha inakaa na jina lake, mwaka wake na hadithi yake, na mtu wa Maskati anaweza kuongeza anachokijua.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua programu. Ndugu yangu, acha nikueleze.

Shemeji yangu, mdogo wake Mama Nasra, tunamwita Injinia. Ni kijana msikivu, mkarimu, hajawahi kukataa kunitengenezea kitu. Shida yake ni kwamba ukimwuliza saa, atakufungulia saa nzima mezani. Nilimwuliza programu ipi inafaa. Akala wali, akanawa, akaanza kutueleza kuhusu Hugo. Hiyo, alisema, haina hifadhidata wala haichoki: unaandika faili zako, inakutengenezea kurasa zilizokamilika, unazipeleka kwenye seva, basi. Kurasa hufunguka upesi hata kwa simu ya bei ndogo, na mdukuzi hana mlango wa kugonga. Yote kweli kabisa. Kisha akafungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, akaandika maneno ambayo hakuna mtu sebuleni aliyeyafuata isipokuwa yeye.

Mama Nasra alikuwa akikunja nguo. Nyumbani tunamwita Mkaguzi Mkuu, kwa sababu hakuna senti inayotoka bila stakabadhi, na hata salio la simu huulizwa lilikwenda wapi. Akauliza swali moja: "Na wewe ukipata kazi Dodoma, picha ya mama nani ataipandisha?" Injinia akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Nasra. Hugo akaishia hapo, na bado naona lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa mwezi ule. Programu ya nyumbani ikijulikana na mtu mmoja tu, inaondoka naye.

Nasra yeye alishachagua: Blogger. Ni ya bure, ina mkono wa Google tangu mwaka 2003, na mtu anaweza kuiendesha kwa simu akiwa kwenye daladala. Tena ina heshima yake hapa kwetu. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha, alianza blogu yake ya picha humo humo Blogspot mwaka 2005, na kwa miaka mingi Watanzania walioko ughaibuni walikuwa wakiamka na picha zake: nani kaoa, nani kazikwa, Kariakoo imefurika vipi. Ukitaka kujua kama picha na mistari miwili ya maelezo inaweza kuwakusanya watu waliotawanyika, ushahidi ni ule.

Tukajaribu. Bibi alikuwa ameshaweka sharti kwamba picha za wanawake wa ukoo hazitaonwa na kila mpita njia, na Mkaguzi akaongeza lake: alikumbusha kwamba kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilikuja na ada za leseni zilizopita shilingi milioni mbili, mpaka baadhi ya wenye blogu wakafunga. "Sisi hatuandiki habari," alisema, "basi mlango ufungwe, waingie ndugu tu." Blogger inakubali kufungwa, lakini kila msomaji lazima aalikwe kwa barua pepe na aingie kwa akaunti yake. Shangazi Maskati ana akaunti, ila aliifungua mjukuu wake, na mjukuu alishasahau paswedi. Simu zake zilianza kuja usiku. Oman iko mbele yetu kwa saa moja, na Shangazi huamka kabla ya alfajiri ya kwao. Fanya hesabu mwenyewe. "Baba Nasra, inaniambia mimi siye." Nilikuwa nikimjibu kwa adabu, gizani, nimejifunika shuka ili nisimwamshe Mkaguzi, ambaye alikuwa macho siku zote na ananisahihisha.

Mjomba Toronto akapendekeza Flickr, kwa upendo wa mtu anayetetea kitu cha nchi yake ya pili, maana ilizaliwa Vancouver mwaka 2004. Yahoo ikainunua mwaka uliofuata. Mwaka 2013 walitoa nafasi ya terabaiti nzima bure, na watu wakamwaga humo picha za maisha yao. Mwaka 2018 ikanunuliwa na SmugMug, na mwaka uliofuata akaunti za bure zikawekewa ukomo wa picha 1,000. Mjomba mwenyewe ndiye aliyetusimulia haya, kwa uaminifu wake. Injinia akaongezea kwamba hata Google Photos, iliyokuja mwaka 2015 na hifadhi isiyo na mwisho kwa picha zilizobanwa, ilisitisha mpango huo tarehe 1 Juni 2021. Tangu hapo kila picha mpya inahesabiwa kwenye zile gigabaiti 15 unazogawana na barua pepe zako. Hakuna aliyevunja sheria. Ni biashara, na gharama za seva ni za kweli.

Bibi alisikiliza yote yale na jicho lake moja. Kisha akasema: "Kumbe ni chumba cha kupanga. Mwenye nyumba akiuza, mpangaji anatafuta mkokoteni." Hakuna aliyeongeza neno. Injinia, ambaye tangu aanze kazi anawaelekeza wateja jambo hilo kwa michoro, alikaa kimya akimwangalia mama yake kwa heshima mpya.

Basi tukaelekea kwenye programu unayoiweka mwenyewe. Injinia alifurahi mpaka akaleta kompyuta yake ya zamani, ile kubwa ya mezani, akaiweka chini ya televisheni yetu na kusema hiyo ndiyo seva. Ndani akaweka Piwigo, programu huria iliyoanza Ufaransa mwaka 2002, na nataka niiseme vizuri kwa sababu inastahili. Imetengenezwa kwa ajili ya picha na si kitu kingine. Unaweka albamu ndani ya albamu, unawapanga watu kwa makundi, kundi hili likaona harusi na lile lisione, unatafuta kwa tarehe na kwa lebo. Mtu mwenye picha elfu nyingi zenye maelezo mafupi, shule au kikundi cha kwaya tuseme, aende huko asigeuke nyuma.

Ila seva ile ilikuwa inaishi nasi, na kuishi nasi ni kazi. Ilichomekwa kwenye ekstensheni inayogombewa na feni, chaja, na pasi ya sare za shule. Kila Jumapili jioni pasi ilishinda. Mjomba Toronto alipokuwa anaonyesha wajukuu wake harusi ya babu yao, Mkaguzi alikuwa ananyoosha sketi ya Nasra, na harusi ikatoweka. Mwanangu mdogo, Salim, ambaye kwa ukoo mzima ni Kimbunga, aligundua kwamba kitufe cha kuwashia kina taa ya bluu na kwamba ukikibonyeza kwa muda taa inazimika. Umeme nao ukikatika, anwani ya intaneti yetu ilikuwa inabadilika ukirudi, na Injinia analazimika kuja na bodaboda kuirekebisha. Alikuwa akifika saa ya chakula. Simlaumu, foleni ya Dar haichagui.

Lakini kilichoiondoa Piwigo kwetu hakikuwa pasi. Ni maneno ya Bibi. Tulipoanza, tulifikiri kila picha itapata mstari mmoja. Chukua ile ya wasichana watatu ufukweni, mmoja ameshika viatu mkononi. Nasra alipomwuliza, Bibi alisimulia viatu vilikotoka, vilikuwa vya nani, jinsi vilivyoazimwa kwa ajili ya picha tu na vikarudishwa na mchanga ndani, na ugomvi uliofuata. Nasra alijaza karatasi mbili za daftari. Picha ile haikuhitaji fremu, ilihitaji ukurasa. Ndiyo nikaelewa kwamba swali la kwanza la mtu anayechagua programu ya picha ni hili: kila picha inakuja na maneno mangapi? Yakiwa machache, tafuta programu ya albamu. Yakiwa mengi, tafuta programu ya kuandikia inayojua kutunza picha.

Hivyo tukafika WordPress, iliyotolewa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little. Ziko mbili zenye jina moja, na watu wengi huchanganya: moja unafungua akaunti na kukaa kwao, nyingine unapakua programu bure na kuiweka kwenye seva unayoilipia. Tulichukua ya pili, tukalipia nafasi na jina la .tz kwa kampuni moja ya hapa mjini. Mkaguzi aliendesha malipo kwa utaratibu wa mchango wa harusi: alifungua daftari, akaandika majina, Maskati wakatoa, Toronto wakatoa, na wasiotoa wanajulikana.

Kabla hajalipa alimweka Injinia mezani. "Nionyeshe mlango wa kutokea kabla hujanionyesha wa kuingilia." Injinia akamweleza ukweli ambao wengi huujua wakiwa wamechelewa: ile faili ya kuhamishia maudhui inayotolewa na WordPress inabeba maandishi na viungo tu, picha zenyewe hazimo. Ukitaka kuondoka na mali yako yote, nakili folda ya picha zilizopakiwa, na nakili hifadhidata. Mkaguzi hakuridhika na maelezo. Akataka afanye, aone. Kompyuta ya chini ya televisheni ikapata kazi tena: blogu nzima ilirudishwa humo kutoka kwenye nakala, picha kwa picha, na Mkaguzi akiwa amesimama nyuma ya kiti. Sasa nakala hutolewa kila mwisho wa mwezi, inakaa kwenye diski ya nje, na diski inakaa kabatini pamoja na hati ya kiwanja.

Kupiga picha za picha ndiko kulikonipa raha zaidi, nikiri. Bibi hakuruhusu hata moja itoke nje ya nyumba, kwa hiyo skana ya ofisini haikuwezekana. Tulitandika buibui lake jeusi mezani karibu na dirisha ili kingo za menomeno zionekane, tukaning'iniza shuka jeupe dirishani kulainisha mwanga, na Nasra akashika simu juu, sambamba kabisa, bila flashi. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu haikubanduliwa, maana rangi hubaki kwenye kioo. Tulizima taa tukaipiga humo humo. Faili asilia, za megabaiti tatu na kuendelea, zilikwenda kwenye diski zilivyo. Za kupandisha zilipunguzwa upana mpaka pikseli 2,000. Majina ya faili yanaanza na mwaka ili zijipange zenyewe. Kimbunga alipewa kazi ya kulinda mkate wa kumimina usifike mezani, na aliulinda kwa kuula.

Siku tulipotaka kuchanganya na picha za sasa, Nasra alitusimamisha. Alifungua taarifa za picha niliyoipiga barazani, zile za EXIF, na humo mlikuwa na aina ya simu, saa, dakika, na mahali: digrii sita na ushee kusini, thelathini na tisa na ushee mashariki. Akabonyeza, ramani ikafunguka, na alama nyekundu ikatua kwenye uchochoro wetu, upande wa mwembe. Mama Nasra alikwenda kufunga geti. Sasa kila picha mpya hufutwa taarifa za mahali kabla haijapanda, na kamera za simu zetu zimezimwa GPS.

Sura ya blogu ilizua ugomvi wa wiki. Nasra alitaka kurasa nyeusi, picha zinazoteleza zenyewe, herufi nyembamba. Bibi alikuwa ameshafunguliwa bandeji, anaona kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na alichotaka ni weupe, herufi kubwa, na picha itulie mpaka amalize kuitazama. Nilisimama na Bibi waziwazi. Picha ya studio ya mwaka 1958 ilipigwa mtu ametulia. Haipendezi ipite mbio. Shangazi naye analipia bando, na picha zinazoteleza hulila zote, zilizotazamwa na zisizotazamwa. WordPress kwa kawaida hutengeneza saizi kadhaa za kila picha, na tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 picha za chini ya ukurasa husubiri hadi msomaji azikaribie. Kuiwekea urembo unaoua faida hiyo ni kuwanyima ndugu. Kila albamu imefungwa kwa paswedi, moja kwa zote, ambayo ni jina la mtaa aliozaliwa Bibi. Ndugu halisi anaijua. Asiyeijua ampigie simu aulizwe yeye ni wa nani.

Sasa tuko kwenye vyeo. WordPress inagawa ngazi, na Mkaguzi ndiye aliyezigawa. Yeye ni Msimamizi. Bibi Sanduku ni Mhariri: maelezo hayatoki mpaka Nasra amsomee akubali, na maoni ya ndugu hayaonekani mpaka ayapitishe. Mimi ni Mchangiaji. Naandika, kisha nasubiri. Injinia hana cheo, ana paswedi ya seva, na kaambiwa asiiguse baada ya saa nne usiku.

Na sasa hivi kuna kesi. Katika picha ya harusi moja, kushoto, kuna msichana mwenye misuko miwili ametazama pembeni. Bibi aliandikisha kwamba ni marehemu somo yake. Shangazi Maskati akaandika maoni kwamba yule ni yeye, Shangazi, na kwamba gauni lile bado analo. Bibi akasoma, akavua miwani, akasema maoni yasipitishwe mpaka wifi yake alete ushahidi. Bahasha inakuja na mpwa anayesafiri mwezi ujao. Inasemekana mna picha nyingine ya siku ileile, imepigwa kutoka upande wa pili. Wakati huo huo Shangazi ananipigia kabla ya alfajiri, ananiambia mimi ni mwanamume wa nyumba, nibonyeze kitufe. Nimemweleza kwa heshima zote kwamba Mchangiaji hana kitufe cha kupitisha maoni, programu yenyewe ndivyo ilivyopangwa. Amenyamaza kidogo, kisha akaniambia nimwamshe Mama Nasra nimpe simu.